Mkuki Nao Wataka Maalim

Wasomaji wa ukurasa huu wamenizoea katika mambo ya vina na mizani, na huenda baadhi yao wakastaajabu kuniona leo nimeshika mkuki. Wasistaajabu. Mkuki ulikuwa wetu kabla haujawa wa viwanja vya michezo. Fumo Liyongo, ambaye sisi wa pwani tumelelewa kwa habari zake, amebeba mkuki ndani ya jina lake, kwani fumo katika Kiswahili cha kale ndio huo huo mkuki. Na waliosoma vitabu vya hadithi watakumbuka habari ya Wahabeshi waliocheza kwa mikuki yao siku ya Idi ndani ya msikiti wa Madina, na Mtume (S.A.W.) akamsitiri Bibi Aisha naye akitazama mpaka akatosheka. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba kutazama mkuki ukirushwa ni upuuzi usiomfaa mtu aliyepita chuoni.

Hata hivyo, mimi mchezo huu sikuujua ila nilipokwenda bara, tena mbali, mjini Kisumu, katika mtaa wa Manyatta.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 26 Agosti 2015. Nilikwenda kumpa pole mwenzangu wa zamani katika kazi ya gazeti, Mjaluo, aliyefiwa na mamake. Manyatta ni mtaa uliosongamana, nyumba za udongo na mabati zimebanana na za mawe za kupangisha, harufu ya omena inakupokea kabla ya mwenyeji. Jina lake ni la Kimaasai, wakazi wake wengi ni Wajaluo, na mimi Mswahili nimekaa katikati yao na kofia yangu. Nchi hii ina maskhara yake. Nilipokwisha kusali Adhuhuri, mwenyeji wangu akanichukua kwenye kibanda cha kinyozi kilichokuwa na televisheni, akasema, "Shekhe, twende ukapumzishe moyo kidogo, huku msibani watu watakuchosha kwa maswali."

Televisheni ilionyesha mashindano ya dunia ya riadha kutoka Beijing. Watu walikuwa wakingoja mbio, maana mbio ndizo tunazozijua. Kinyozi alikuwa ameshanyoosha mkono kubadilisha stesheni, mara akatokea kijana wa Kikenya aliyeshika mkuki. Si mrefu, ukimlinganisha na Wazungu aliokuwa nao. Alikuwa ameshatupa mara mbili, na hii ilikuwa ya tatu. Akakimbia, akapinda mwili kama upinde, akaachia, kisha akaanguka kifudifudi, mikono chini, kana kwamba amesukumwa. "Ameumia," akasema kinyozi. Kibanda kizima kimya. Mkuki bado uko hewani. Ulipotua, na tarakimu zilipoandikwa, zilikuwa mita 92.72.

Sitaeleza kelele zilizofuata. Kinyozi alimwacha mteja na nusu ya kichwa.

Kijana huyo ni Julius Yego, Mnandi, aliyezaliwa mwaka 1989. Siku ile alikuwa Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya dunia katika mchezo usio wa mbio, na aliyemfuata kwa fedha alikuwa Mwafrika mwenzake, Ihab Abdelrahman wa Misri, kwa mita 88.99. Ulimwengu haukuwa umeona mkuki kwenda mbali kiasi kile kwa miaka kumi na minne. Katika historia yote, kwa mkuki wa namna inayotumika tangu 1986, ni watu wawili tu waliokuwa wamempita: Jan Železný wa Jamhuri ya Cheki na Aki Parviainen wa Finland.

Alikuwepo mzee mmoja pale kibandani, nikimwita Jaduong' kama nilivyofundishwa na mwenyeji wangu. Yeye peke yake hakupiga kelele. Alipotulia watu, alisema kwa sauti ya mtu anayekumbuka deni: "Hawa Wanandi hawajasahau." Wote wakacheka, mimi nikabaki sijui wanachekea nini, ikabidi nielezwe. Wajaluo wana shujaa wao, Luanda Magere wa nyanda za Kano, ambaye mwili wake, wasimuliavyo, ulikuwa jiwe, mkuki ukimpiga unateleza. Wanandi walishindwa naye vitani hata wakampelekea msichana mzuri awe mke wake. Siku moja mumewe akaugua, akamwambia amchanje dawa, lakini asimchanje mwilini, amchanje kivulini. Msichana akachanja kivuli, damu ikatoka. Usiku akarejea kwao na siri. Vita vilipofuata, Mnandi mmoja akaurusha mkuki katika kivuli cha Luanda Magere, na shujaa akaanguka akawa jiwe. Jiwe lenyewe wanakuonyesha mpaka leo huko Kano, na wawindaji walikuwa wakinolea mikuki yao juu yake.

Nami nikawasimulia Liyongo, aliyekuwa hadhuriki kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe mwenyewe. Jaduong' akatikisa kichwa: "Basi nanyi pia mliuawa kutoka ndani ya nyumba." Tukawa ndugu papo hapo. Nimeyataja haya kwa sababu moja: Mjaluo wa Manyatta alimshangilia Mnandi kwa ule ule mkuki uliomuua shujaa wake, na hakuona ajabu.

Lakini si hilo lililonishikisha kalamu. Kilichonishikisha kalamu ni sifa walizompa Yego tangu siku ile na wanazoendelea kumpa, kwamba ati hakuwa na mwalimu. Wamempa hata lakabu, "Bwana YouTube". Kisa chenyewe ni cha kweli na kinajulikana: kwao hapakuwa na mtu wa kumfundisha mkuki, basi akawa anakwenda kwenye chumba cha kompyuta, vijana wanaita saiba, anatazama picha za Železný na za Andreas Thorkildsen wa Norway wakirusha, kisha anarudi uwanjani kujaribu alichokiona. Mwaka 2011 alishinda dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Maputo kwa mita 78.34. Magazeti ya Ulaya yalipokipata kisa hiki yalikifurahia mno, nasi tukakipokea kutoka kwao kama kanzu ya Idi, tukavaa, tukatembea nacho.

Mimi kanzu hiyo yanibana.

Tulipokuwa chuoni tulikuwa tukiambiwa kwamba asiye na shekhe, shekhe wake ni shetani. Ni neno kali, na kwa Yego sithubutu kulitumia, kwa sababu kile kioo cha saiba hakikumpoteza. Kilimfikisha mahali ambapo wengi wenye walimu hawakufika. Nakiri kwamba kijana huyu alinifunga mdomo. Nilikuwa miongoni mwa wale wanaodhani kwamba elimu ya kutazama kiooni ni mchezo wa watoto. Sidhani hivyo tena.

Ila nawaombeni mnisikilize kisa kimoja. Chuoni kwetu alikuja kijana ambaye babake alimnunulia kaseti za msomaji mmoja mashuhuri wa Misri. Akazisikiliza mwaka mzima, akahifadhi. Sauti, mashaallah. Akakaa mbele ya maalim, akaanza, tukapigwa na butwaa sote. Mara, katikati ya aya, pasipo na kituo, akanyamaza, akavuta pumzi, kisha akaendelea. Maalim akamrudisha. Akafika pale pale, akanyamaza. Mara ya tatu maalim akamwuliza, "Mwanangu, hapa umesimama kwa nini?" Akajibu kwamba hata shekhe wa kaseti alisimama hapo. Ndipo ikajulikana kwamba hapo ndipo upande wa kwanza wa kaseti ulipokwisha.

Kaseti ilimpa kila kitu ila kitu kimoja: haikumsikia. Maalim alimsikia mara moja, na kosa la mwaka mzima likaondoka kwa dakika tatu bila bakora. Na kioo cha saiba ni hivyo hivyo. Kinaonyesha, lakini hakioni. Mwanafunzi anamwona Železný, Železný hamwoni mwanafunzi.

Na mkuki, kama nilivyokuja kujifunza baadaye kwa kuwauliza wajuao, si kitu cha nguvu tupu. Ule wa wanaume una uzito wa gramu 800, chini ya kilo moja ya sukari, na urefu wa mita mbili na nusu na ushei. Mtu mwenye misuli kama mchukuzi wa bandarini anaweza kuutupa ukaanguka karibu naye kwa aibu. Mwaka 1984 Uwe Hohn wa Ujerumani ya Mashariki aliurusha mita 104.80, wakubwa wa mchezo wakaogopa utavuka uwanja uwachome watu; ndipo kuanzia 1986 wakausogeza uzito wake mbele ili uiname na kutua kwa ncha mapema. Tangu hapo umekuwa mgumu zaidi kuusomesha. Pembe ya kuuachia, mguu wa kushoto unaokita chini kama mhimili ili mbio zote zipande kiunoni, zifike begani, zitokee kiganjani. Bega likitangulia kidogo, kiwiko kinalipa. Mambo haya mrushaji mwenyewe hayaoni, kwa sababu yanapita kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na jicho lake liko mbele. Lazima awepo mtu wa kando.

Yego mwenyewe alimpata mtu wa kando. Alipelekwa Finland, nchi ambayo mkuki kwao ni kama kabumbu kwetu, akafundishwa Kuortane na Petteri Piironen. Mwaka 2012 akafika fainali ya Olimpiki London, akawa wa kumi na mbili. Mwaka 2013 Moscow alikuwa wa nne kwa mita 85.40. Mwaka 2014 akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Glasgow. Juni 2015, Birmingham, mita 91.39, Mwafrika wa kwanza kuvuka tisini. Kisha Beijing. Tazameni ngazi hiyo ilivyopanda, mniambie kama ni ngazi ya mtu asiye na mwalimu. Kioo kilimfungulia mlango, nani atakataa? Lakini chumba kilikuwa na mtu ndani yake. Sisi tumeshika kisa cha mlango kwa sababu mlango haukutugharimu kitu.

Hapo ndipo penye donda langu. Tunapomsifu mtu kwa kujifunza peke yake, tunajisamehe sisi tuliomwacha peke yake. Sifa hizo ni za tajiri anayemsifu yatima kwa uvumilivu wa njaa.

Wako watakaosema, bwana, Kenya ni nchi ya mbio, tuache kila taifa na kipaji chake. Mungu amewapa Wafini mkuki, sisi ametupa miguu. Nawajibu kwa mbio zenyewe. Huko Iten kuna shule ya St. Patrick's, na mwaka 1976 alifika hapo mtawa kutoka Ireland, Brother Colm O'Connell, asiyekuwa mwanariadha wala kocha. Akakaa, akatazama wavulana wakikimbia, akawa anasahihisha. Mikononi mwake alipita Peter Rono, aliyeshinda dhahabu ya mita 1,500 Seoul mwaka 1988. Mikononi mwake alipita pia David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1, sekunde 40.91 huko London mwaka 2012, mbio ambazo hazijapata kukimbiwa mfano wake. Kati ya hao wawili ni miaka ishirini na minne, na jicho ni lile lile moja. Tukaja tukasema ni hewa ya milimani na uji wa mtama.

Sasa tuangalie mkuki. Mwaka 1974, huko Christchurch, New Zealand, Mkenya John Mayaka alipata nishani ya shaba ya mkuki katika michezo ya Jumuiya ya Madola kwa mita 77.56. Mwaka 1982, Brisbane, jirani yetu Zakayo Malekwa wa Tanzania alipata shaba katika mchezo huo huo, naye aliiwakilisha nchi yake katika Olimpiki tatu, 1980, 1984 na 1988. Niliwauliza vijana kumi na zaidi wapenda michezo, wa Mombasa na wa Kisumu, kama wamewahi kuyasikia majina hayo. Hata mmoja. Sisi tuliosoma hadithi tunajua thamani ya silsila: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka kwenye chemchemi. Kutoka Mayaka mpaka dhahabu ya Yego huko Glasgow ni miaka arubaini, na kijana wa Kinandi aliyetaka kurusha mkuki ilimpasa amtafute maalim Norway na Cheki, kupitia waya, kwa kulipia kwa dakika. Silsila ilikatika, na hakuna aliyesikia ikikatika.

Nikiwa kijana wa miaka kumi na minane nami nilijifunza ushairi peke yangu, kwa kukata kurasa za gazeti na kuzibandika ukutani. Nilipeleka mashairi miaka miwili, hata moja halikutoka wala sikupata kujibiwa. Nilidhani wahariri wananionea. Siku moja mzee mmoja jirani, malenga ambaye hakuwahi kuchapishwa popote, akaniambia nimsomee. Nikasoma. Akaniambia, "Vina vyako vizuri, lakini unahesabu mizani kwa macho. Hesabu kwa ulimi." Basi. Maneno hayo ndiyo yaliyonilisha mimi na watoto wangu mpaka leo.

Turudi kwa Yego, maana kisa chake hakikuishia Beijing. Mwaka uliofuata alifika uwanja wa ndege aende Rio, akakuta tiketi yake haipo. Bingwa wa dunia! Akapatiwa baadaye, akaenda, na mtupo wake wa kwanza katika fainali ukawa mita 88.24. Kisha akaumia, akashindwa kumaliza, na mtupo ule mmoja ukampa fedha nyuma ya Thomas Röhler wa Ujerumani aliyepata 90.30. Baada ya hapo ikaja miaka ya maumivu na kutupa kwa kubahatisha. Wengi walimwandikia taazia. Lakini mwaka 2019 huko Rabat alishinda tena Michezo ya Afrika kwa mita 87.73, 2022 akapata shaba ya Jumuiya ya Madola, 2024 mjini Paris, umri wake miaka thelathini na mitano, akawa wa tano katika Olimpiki kwa mita 87.72; na 2025 akafika tena fainali ya dunia mjini Tokyo, akawa wa sita. Rekodi yake ya Afrika imepita miaka kumi. Huyu ni mtu wa subira, na mwili wake umelipa karo ambayo ingepungua sana lau angeanza na jicho kando yake.

Wala tusidhani kuwa mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Aliyeshinda Paris alikuwa Arshad Nadeem, kijana wa kijijini Pakistan, kwa mita 92.97, na wa pili Neeraj Chopra wa India. Nadeem naye alikuwa akilalamika mapema mwaka ule ule kwamba ana mkuki mmoja tu na umechakaa. Aliporudi na dhahabu, mkwewe akamzawadia nyati wa kufugwa. Mimi nilicheka niliposikia, kisha nikafikiri: angalau yule mkwe alitoa alichokuwa nacho.

Kisumu nacho wanacho. Tarehe 1 Juni 2021, siku ya Madaraka, ulizinduliwa uwanja mpya wa Jomo Kenyatta huko Mamboleo, si mbali na Manyatta. Uwanja upo, nyasi zipo. Michezo ya shule ipo kila mwaka, na mkuki umo ndani yake. Lakini nimeona kwa macho yangu katika shule moja, nisiyoitaja, mkuki unavyotolewa stoo siku mbili kabla ya mashindano, na anayesimamia ni mwalimu wa jiografia aliyepewa kazi hiyo kwa sababu ndiye mgeni. Simlaumu. Ninachotaka mimi ni kitu kidogo na cha bei nafuu: kila mrushaji anayestaafu aandikwe kazi na kaunti, apewe mshahara wa kumtosha yeye na watoto wake, akae kiwanjani jioni, atazame. Aanze Yego atakapouweka mkuki chini. Ikipita miaka ishirini, ataacha kumi.

Nisije nikasahau watoto wa Manyatta. Jioni ile ya 2015, tulipotoka kwa kinyozi, tuliwakuta wavulana kama wanane, maana shule zilikuwa zimefungwa, wamechukua fito zilizosalia mahali palipokuwa pakijengwa, wanarusha juu ya mtaro kuelekea kiwanja kitupu. Kila mmoja alikimbia, akarusha, kisha akajibwaga kifudifudi mavumbini. Wote. Hata wadogo kabisa. Walimwona Yego akianguka, wakadhani kuanguka ni sharti, kama yule wa kaseti. Kati yao alikuwepo mmoja, mwembamba, wa miaka tisa au kumi, ambaye ufito wake ulipaa kwa namna nyingine. Haukutetemeka, ulikwenda kama uliovutwa na uzi, ukapita mwisho wa kiwanja ukagonga bati la watu, tukasikia mama akitukana kwa Kijaluo. Mwenyeji wangu akasema, "Huyo ana mkono."

Mwaka jana nilirudi Kisumu kwa shughuli nyingine, nikamwulizia. Yuko Kondele, anaendesha bodaboda. Mwenyeji wangu alimwita, akaja, kijana wa heshima, akavua kofia yake ya chuma akaniamkia shikamoo. Nikamwuliza kama anakumbuka zile fito. Akacheka, akasema alirusha mkuki wa kweli mara mbili tu, akiwa sekondari, kisha ukavunjika na haukununuliwa mwingine. Palikuwa na mti wa mwavuli uliovunjika kando ya kibanda cha simu. Akauokota, akaupima kwa kiganja, akatazama kama barabara haina watu, akarudi nyuma hatua sita, akakimbia, akaurusha. Ulikwenda mbali wallahi, ukapita duka la mabati, ukapita la majeneza. Naye akaanguka kifudifudi, na shati lake la kazi.

Akasimama, akajipangusa vumbi magotini, akaniuliza, "Mzee, si ndivyo?"

Mimi ni mtu wa mashairi. Nilimwambia sijui.